Mama Mkubwa Philomena na Karamu ya Ambrose

Mama Mkubwa Philomena hakuwahi kusema kwamba anakwenda kuwinda. Alisema anakwenda kutazamatazama huko juu mtoni, kuona kama maji yameshuka, kuona kama matunda mekundu ya vinamasini yameiva. Ndivyo tunavyosema sote. Bunduki imeviringishwa ndani ya blanketi, hema limekunjwa, jiko la bati limepakiwa, gunia la biskuti ngumu na samaki mkavu liko mbele ya boti, na mtu akikuuliza waenda wapi, unamjibu kwamba unatembea tu. Yule mnyama ana masikio. Kulungu wetu mkubwa, mrefu kuliko farasi, mwenye pembe pana kama sepetu na ngozi inayoning'inia chini ya koo kama ndevu, husikia neno la majivuno kutoka upande wa pili wa mlima. Kwa hiyo ikifika Septemba hata jina lake hatulitaji. Tunamwita Mkubwa, na tunamwita kwa sauti ya chini.

Mwaka ninaousimulia, mama mkubwa alikuwa mjane. Mumewe, Ambrose, alikuwa amefariki katikati ya majira ya baridi, mchana kweupe, akipasua kuni mbele ya nyumba. Moyo ulisimama na shoka likiwa bado mkononi. Theluji ilikuwa kavu kama unga siku ile. Wanaume walikoka moto juu ya ardhi ili iyeyuke wapate kuichimba, na Mzee Aloysius, ambaye amewatengenezea majeneza karibu wafu wote wa kijiji chetu, alimaliza kazi yake bila kuvua kofia.

Lakini kwetu mazishi ni nusu ya kuzika. Nusu nyingine ni karamu. Nyumba ya marehemu inapaswa kuwalisha waliomwosha, waliomchimbia na waliomtengenezea sanduku, na kuwalisha nyama mpya ya Mkubwa aliyepatikana na watu wa nyumba hiyo wenyewe, pamoja na mchuzi wa kichwa chake. Samaki hawafai. Nyama ya kupewa na jirani haifai. Mpaka karamu ifanyike, marehemu hajaondoka. Anakaa karibu na mlango wake, ana njaa, na mjane anakaa naye. Haendi ngomani. Hainui sauti. Anatembea kijijini kama mtu anayembeba mtoto aliyelala na kuogopa kumwamsha.

Wageni huja kwa boti kutoka vijiji vya chini kabla mto wetu, Yukon, haujaanza kuganda. Nyama ikikosekana, karamu inasogezwa hadi vuli nyingine, na Ambrose angebaki mlangoni mwaka mzima zaidi. Mama mkubwa aliniambia jambo hilo mara moja tu, tukiwa tunaosha vyombo. "Yeye hakupenda kusubiri," alisema. "Hata chai alikuwa anainywa kabla haijaiva."

Basi tukapanda mto watu watatu. Mimi, mtoto wa mdogo wake mama mkubwa, nilishika usukani. Mama mkubwa alikaa katikati juu ya magunia, kitambaa cheusi kichwani, akiitazama mikono ya mto na kunionyesha kwa kidole mahali penye fungu la mchanga. Na mbele kabisa alikaa Cosmas, mdogo wake Ambrose, kapera mnene mwenye mdomo usiojua mapumziko. Ndugu hao wawili walizaliwa na mama mmoja, lakini maneno yote ya ukoo alipewa Cosmas, na kimya chote Ambrose.

"Shemeji," Cosmas aliuliza, "mwaka huu umeleta sukari ya kutosha, au utanibania kama mwaka juzi?"

"Nimeleta ya kutosha watu. Yako wewe ingehitaji boti nyingine."

Mama mkubwa alizaliwa ndani ya hema, katika kambi ya samaki, wakati samoni wakipanda mto na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumhudumia mzazi. Alipikia watoto wa shule ya kijiji mpaka watoto wa wale watoto. Na kila vuli, tangu alipoolewa, alikwenda na Ambrose kwenye kambi ile ile, pale kijito chenye maji meusi kinapoingia mtoni. Kazi yake ilikuwa hema, zulia la matawi ya msonobari, moto, chai, kisha kisu. Kazi ya Ambrose ilikuwa kumwita Mkubwa na kumpiga. Hakuna aliyemkataza mama mkubwa kushika bunduki. Alipiga bata wengi na dubu mmoja aliyeingia ghalani. Lakini hakuwahi kumpiga Mkubwa kwa sababu moja tu: Ambrose alikuwapo.

Tulifika kambini jua likiwa bado juu ya misonobari. Mierebi ilikuwa imegeuka manjano yote, na maji yalikuwa yameshuka, yameacha ukingo mpana wa kokoto. Kabla hatujafunga boti vizuri, Cosmas aliona nyayo. Zilikuwa mbichi, zimezama matopeni, kila moja kubwa kama sahani.

Nadhani furaha ilimpanda kichwani. Au huzuni, maana huzuni nayo humfanya mtu aropoke. Alirudi mbio kwenye boti, akashika simu ya upepo, ile ambayo kila nyumba kijijini ina yake na kila nyumba inasikiliza, akabonyeza.

"Waambieni akina mama waoshe masufuria makubwa! Wayaoshe yote! Tutaleta wawili, na wa kwanza mnene kama kanisa!"

Ukisikia simu ya upepo ya kijiji kizima imenyamaza, unajua kila mtu ameacha kijiko hewani. Kisha ikaja sauti ya Mzee Aloysius, polepole.

"Cosmas. Izime hiyo, mwanangu."

Mama mkubwa alikuwa amepiga magoti akitandika matawi ya msonobari. Hakugeuka.

"Umeongea, shemeji," alisema.

"Nilikuwa natania tu."

"Mimi najua utani wako. Yeye mwenye masikio hajui."

Kuanzia hapo msitu ulitufungia mlango. Tulisikia matawi yakivunjika ng'ambo, tukavuka, tukakuta mavi bado ya moto na hakuna mnyama. Tulikaa kimya kwenye mwambao toka umande hadi njaa, upepo ukageuka na kumpelekea harufu yetu. Siku moja tulikuwa tumetazama mbele, macho yanauma, na dume kubwa likavuka mto nyuma yetu bila haraka, kama mzee anayekwenda dukani. Tuliligundua kwa sauti ya maji yakidondoka kutoka tumboni mwake, likiwa tayari linaingia msituni.

Cosmas alijaribu kuita. Kuna mfupa mpana wa bega, mkavu, mweupe, ambao ukisugua nao shina la mwerebi hutoa sauti ya dume likikwangua pembe zake. Dume jingine likisikia, linakuja kuona ni nani huyo anayejifanya mwenye nyumba. Cosmas alisugua kwa nguvu zake zote mpaka gome likaruka.

"Shemeji," mama mkubwa alimwambia, "unaita au unasugua sufuria lililoungua?"

"Ambrose alikuwa anafanya hivi hivi!"

"Ambrose hakuwa na haraka ya kwenda kula."

Maji kwenye ndoo yakaanza kuwa na ngozi ya barafu asubuhi. Majani ya mierebi yalianguka bila upepo, moja baada ya jingine, na usipokuwa na kazi mikononi unaweza kuyatazama mpaka moyo wako nao ukaanza kudondoka. Tulijua muda unakwisha kwa namna mbili. Mto ulikuwa unaelekea kuganda. Na madume yalikuwa yanaelekea kwenye joto lao, wakati yanapoacha kula, yanajigaragaza kwenye mkojo wao na nyama yao inanuka hata mbwa anaitazama mara mbili. Nyama ya namna hiyo huwezi kuwapa watu waliomzika mumeo.

Kisha wageni wa vijiji vya chini wakauliza. Sauti ya mwanamke ilikuja kwenye simu ya upepo, ya heshima, yenye mikwaruzo. "Philomena, tunataka kujaza mafuta kwenye boti. Tuje, au tungoje mwaka ujao?"

Mama mkubwa alishika kile chombo kwa muda, akikitazama kama kitu alichookota njiani. "Nipeni kidogo," alisema. "Nitawajibu."

Alikirudisha mahali pake. Cosmas alikuwa amekaa kwenye gogo, kofia mikononi.

"Ni mimi," alisema. "Nimemfunga kaka yangu mlangoni kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Ndiyo, ni wewe," mama mkubwa alisema. Hakuwa mtu wa kukufuta machozi kabla hayajatoka. "Sasa simama. Leo hakuna anayetazama kitu. Bunduki inalala. Tumekuja kupiga kambi, basi tupige kambi. Wewe unakata kuni. Huyu anafua soksi. Mimi naokota matunda. Na kabla ya kuni, unakwenda kwenye simu ya upepo kuuosha huo mdomo."

"Nisemeje?"

"Mdomo umeuchafua mwenyewe, unaniuliza mimi maji yako wapi?"

Cosmas alikwenda kwenye boti kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Alibonyeza, akakohoa.

"Kijiji, ni mimi Cosmas. Nataka mjue kwamba mimi si mwindaji. Sijawahi kuwa. Msioshe sufuria lolote kwa ajili yangu." Tukadhani amemaliza. Lakini Cosmas akianza hawezi kuishia njiani. "Mwaka ule niliowaambia kwamba dume lilinikimbia likiwa na risasi tatu mwilini, halikuwa dume. Kilikuwa kisiki. Nilikipiga kisiki risasi tatu. Na kilipokataa kuanguka, nikakimbia mimi."

Kikaanza kicheko, nyumba moja, nyumba nyingine, watu wakiingiliana kwenye mawimbi mpaka chombo kikapiga kelele kama kimeingiwa na nyuki.

"Kisiki kilikuwa na pembe ngapi?" mmoja aliuliza.

"Cosmas, ukipita hapo kisalimie, kinakungoja!"

Mwisho akasikika Mzee Aloysius, pumzi zikimkatika kwa kucheka. "Haya, mwanangu. Basi okoteni matunda yenu."

Tuliokota. Jua lilitoka, jua la vuli lisilo na joto ila lenye rangi nyingi. Mama mkubwa alipika maandazi kwenye mafuta, tukala na matunda yaliyopondwa kwa sukari, na hakuna hata mmoja wetu aliyegeuka kutazama ng'ambo ya mto. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuwinda.

Kulipopambazuka nilisikia zipu ya hema. Mama mkubwa alikuwa amevaa koti la Ambrose, limemfika magotini, bunduki begani. Alichukua ule mfupa pale Cosmas alipouacha.

"Naenda kuangalia maji," alisema. Tukamfuata, tukitembea palipo na majani yaliyolowa ili tusipige kelele.

Alichagua kichaka cha mierebi kwenye mkono mwembamba wa mto, maji meusi yametulia, ukungu ukiyafunika kama shuka. Ng'ambo kulikuwa na msitu. Upande wetu kokoto. Alisugua shina mara mbili, si kwa nguvu, kwa uzembe hasa, kama mnyama aliyeshiba. Akakanyaga tawi kavu likavunjika. Halafu akaacha.

Akaacha kwa muda mrefu sana. Nilimwona anachezesha kidole gumba cha kulia juu ya kiganja cha kushoto, polepole, akizungusha kitu kisichokuwapo. Cosmas naye akaona.

"Shemeji," alinong'ona, "unafanya nini?"

"Namenya kiazi. Nyamaza."

Ndipo nikaelewa. Miaka yote ile Ambrose akiwa kichakani, yeye alikuwa hemani na bakuli mapajani. Hakuwahi kumwona akiita. Alimsikia tu. Alisikia mfupa ukisugua, tawi likivunjika, kisha kile kimya cha Ambrose, na ndani ya kimya hicho yeye alimenya kiazi kimoja kizima mpaka mfupa uliposikika tena. Cosmas aliujua mkono wa kaka yake. Mkewe alikijua kimya chake. Hakuwa analiigiza dume hata kidogo. Alikuwa anamwigiza Ambrose, na kwa muda ule mfupi, katika ukungu ule, mtu angeweza kuapa kwamba amerudi na yuko kazini.

Alimaliza kiazi. Akasugua mara mbili. Akaanza kingine.

Kwenye kiazi cha tatu msitu ulijibu. Sauti fupi, ya kooni, kama mtu anayemeza kitu kigumu. Kisha tena, karibu zaidi. Matawi yalisogea na pembe zikatangulia kutoka, pana, bado zina vipande vya gome, halafu kichwa kirefu cha huzuni, halafu kifua. Lilikuwa dume lililoshiba, ngozi inang'aa. Joto lake lilikuwa halijaanza. Liliteremka likaingia majini, likasimama katikati, maji yamelifika tumboni, likitutazama bila kutuona.

"Piga," Cosmas alipumua. "Shemeji, piga!"

Bunduki ilikuwa tayari begani, lakini hakupiga. Likianguka majini, watu watatu hawawezi kulitoa. Lingejaa maji, mkondo ungelichukua, na nyama ya Ambrose ingeliwa na samaki. Kwa hiyo alingoja, na dume nalo likangoja. Upepo ulinigusa shavu la kushoto, nikaomba usiguse la kulia. Cosmas alikuwa ameng'ata glavu yake, macho yamemtoka, na nadhani hakuna siku aliyowahi kubeba maneno mengi hivyo bila kuyatua.

Kidole gumba cha mama mkubwa kilianza kutembea tena juu ya kitako cha bunduki. Kiazi kimoja zaidi.

Dume lilikohoa, likapiga hatua, maji yakaporomoka kutoka mbavuni. Likapanda kwenye kokoto, upande wetu, likajikung'uta kama mbwa, matone yakaruka pande zote na jua likayawasha. Hapo akapiga. Mara moja, na mara ya pili. Dume lilitembea hatua chache kama lililokumbuka jambo, likapiga magoti, likalala pakavu.

Mwangwi ulikwenda mbali juu ya mto na haukurudi. Mama mkubwa aliweka bunduki chini, akaenda, akakaa kwenye kokoto kando ya kile kichwa, akaweka kiganja juu ya pua laini. Aliongea nalo kwa lugha ya wazee, kwa sauti ya chini, akishukuru kwamba limemhurumia mjane. Kisha alinyanyua uso, na badala ya machozi niliyoyatarajia nikaona meno yake yote.

"Cosmas," alisema. "Toa glavu mdomoni. Leta kisu."

Tulifanya kazi mpaka mikono ikawa haihisi tena. Alichuna yeye, mimi nikashika miguu, Cosmas akabeba mapaja mgongoni hadi kwenye boti, akiguna na kuimba. Kunguru walikuja kukaa juu ya misonobari, nao wakapata fungu lao. Boti ilipojaa, maji yalikuwa yamebakiza upana wa kiganja kufika ukingoni mwa boti. Kabla ya kuisukuma, mama mkubwa alishika simu ya upepo, akawaita wa vijiji vya chini.

"Jazeni mafuta," alisema. "Tumeokota matunda kidogo."

Kijiji kizima kilikuwa kinasikiliza, bila shaka. Kikalipuka kwa vifijo.

Karamu ilijaza ukumbi mpaka watoto wakakaa madirishani. Masufuria yalioshwa na watu walewale waliomcheka Cosmas, naye alizunguka na upawa, aproni haimtoshi tumboni, akiwajazia bakuli.

"Kula, kula, hiki si kisiki!"

Bakuli la kwanza la mchuzi wa kichwa alipelekewa Mzee Aloysius. Mama mkubwa alilipeleka mwenyewe, kwa mikono miwili. Mzee alikula, akakomba, akageuza bakuli juu chini ili mama mkubwa aone kwamba hakijabaki kitu.

"Nimeshiba, binti yangu," alisema. "Naye ameshiba."

Tulikwenda wote ukingoni mwa mto, palipowashwa moto wa kumlisha marehemu. Mama mkubwa aliweka motoni sahani ya Ambrose: kipande cha ulimi, mafuta ya kifuani, biskuti, na kikombe cha chai ambayo haikuwa imeiva. Mafuta yalishika, yakatoa mlio, moto ukasimama mrefu. Tulingoja mpaka chakula kilipogeuka majivu. Kisha wanawake walimzunguka, wakamfungua kile kitambaa cheusi, wakamvika chekundu, na ngoma ikaanza ndani. Nimemwona mama mkubwa akicheza katika harusi nyingi. Sijawahi kumwona akicheza kama siku ile. Alikanyaga sakafu kama mtu anayetaka dunia ijue uzito wake.

Asubuhi wageni waliondoka. Vipande vya barafu vilikuwa vimeanza kuteremka mtoni, vyembamba, vikigongana kwa mlio wa vioo. Kila boti ilibeba fungu lake la nyama lililofungwa kwa turubai, na boti ya mwisho ilikuwa nzito kiasi kwamba injini ilikohoa mara mbili na kuzimika katikati ya maji. Wenye boti wakaanza kubishana. Mama mkubwa alishuka hadi ukingoni kabisa, maji yakilamba viatu vyake, akaweka viganja viwili mdomoni. Tangu Ambrose afariki alikuwa amezungumza kama mtu aliye karibu na kitanda cha mgonjwa.

"Nyinyi!" alipiga kelele, na sauti ikagonga ng'ambo ya mto na kuwashtua kunguru wote. "Mshusheni huyo mnene aliyekaa nyuma, aende kwa miguu! Nyama yangu isiguswe!"

"Mnene ni mume wangu, Philomena!" mwanamke alijibu kutoka kwenye boti.

"Basi mshushe wewe! Utapata mwingine!"

Injini ikawaka. Walikuwa wanacheka kiasi kwamba boti iliyumba, na mama mkubwa akaendelea kuwapigia kelele, tusi baada ya tusi, mkono mmoja kiunoni, mpaka walipozunguka kona ya mto na alikuwa bado hajachoka.